Kwa nini MessageBox haikubali rangi wala Kiswahili chako

Swali: "Habari mtaalamu. Natengeneza programu ya mauzo kwa C# na Windows Forms, .NET Framework 4.8. Mteja wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Anataka visanduku vya ujumbe viwe na rangi za duka lake, machungwa na nyeupe, herufi ziwe kubwa, na vitufe viandikwe Kiswahili badala ya Yes na No. Anasema wiki hii bili nzima imefutika mara mbili, na keshia anaapa hakubofya Yes. Nimetafuta kote, MessageBox, kile kisanduku cha ujumbe kinachokuja tayari, haina mahali pa kuweka rangi. Nikaokota msimbo wa kubadilisha maneno ya vitufe. Unafanya kazi, ila 'Endelea na mauzo' hukatika katikati, na siku nyingine programu inazimika yenyewe. Rafiki yangu wa Java anabadilisha maneno hayo kwa mstari mmoja tu. Mwingine ananishauri niandike upya kila kitu kwa WPF, njia nyingine ya Microsoft ya kutengeneza madirisha. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, umeleta maswali mawili ndani ya moja. Kuna sura ya kisanduku, na kuna bili zinazofutika. Mteja wako ameyaunganisha kwa kuamini kwamba rangi ya machungwa itamzindua keshia. Naanza na bili, kwa sababu ndizo zinazomlia mwenye duka pesa, na kwa sababu nahisi chanzo chake nakijua.

Keshia huenda anasema kweli. Hukutaja, lakini duka la aina hiyo mara nyingi lina skana ya bakodi. Kompyuta huiona skana kama kibodi nyingine. Ukiipitisha juu ya bidhaa, inaandika tarakimu za bakodi, 13 kwa zile za EAN-13, na skana nyingi hupangwa zimalizie kwa kupiga Enter. Sasa chukulia keshia amegusa Futa bila kukusudia. Kisanduku kinatokea: una uhakika, Yes au No? Yeye hatazami skrini, anatazama kopo la rangi lililo mkononi. Anapitisha skana. Tarakimu hazina kazi kwenye kisanduku, zinapotea. Enter inayofuata inakikuta kitufe kinachoingojea, na usipoiambia MessageBox vinginevyo, kitufe hicho ni cha kwanza, yaani Yes. Bili imekwenda, na hakuna aliyebofya chochote.

Nenda dukani ukajaribu: fungua kisanduku cha kufuta kwenye bili ya majaribio, kisha pitisha skana. Ikifutika, umepata jibu. Hata kama skana haipo, keshia anayeona swali lile lile mara arobaini kwa siku hupiga Enter kabla macho hayajafika kwenye maneno. Dawa ya kwanza ni ile ile: katika kila swali linaloharibu kitu, ongeza MessageBoxDefaultButton.Button2 mwishoni mwa mwito, ili Enter iangukie No. Fanya hivyo leo, kabla hujagusa rangi yoyote.

Sasa tuje kwenye sura. Umetafuta mahali pa rangi ukakosa, ukadhani labda pamefichwa. Hapapo. MessageBox ya Windows Forms haichori kitu. Inapeleka maneno yako na aina ya vitufe ulivyochagua kwa Windows yenyewe, kwenye faili iitwayo user32.dll, na Windows ndiyo inayojenga dirisha, kuchagua fonti, kupanga vitufe na kungoja jibu. Kinachokurudia ni namba tu: 6 kwa Yes, 7 kwa No. Maneno ya vitufe pia ni mali ya Windows, na hufuata lugha ya Windows iliyo kwenye mashine, si lugha ya programu yako. Programu hiyo hiyo ukiipeleka Bujumbura au Lubumbashi kwenye kompyuta yenye Windows ya Kifaransa, vitufe vitasema Oui na Non juu ya swali lako la Kiswahili.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kuhamia WPF haukusaidii katika hili. WPF ni chombo kizuri, imekuwepo tangu 2006, na kuna sababu za kweli za kuitumia. Lakini MessageBox yake inaita user32.dll ile ile. Utaandika upya miezi mingi ya kazi, halafu siku ya kwanza ya majaribio utakutana na Yes na No zile zile. Rafiki yako wa Java hana ujanja kukuzidi. JOptionPane, kisanduku cha ujumbe cha Swing (zana za Java za kutengeneza madirisha), huchorwa na Java yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo Java inaweza kumwachia mlango: anaweka neno jipya kwenye UIManager chini ya OptionPane.yesButtonText, basi. Tofauti yenu ni nani anayechora.

Huo msimbo uliouokota naufahamu, maana umezunguka kwa miaka mingi. Unajipenyeza kwenye njia ya ujumbe wa Windows kwa SetWindowsHookEx, unangoja kisanduku kinapokaribia kuamka, kisha unabandika maneno yako juu ya kitufe namba 6 na namba 7. Windows wakati huo imeshapima vitufe kwa ajili ya Yes na No. Hairudi kupima tena, ndiyo maana "Endelea na mauzo" linakatwa. Ungeweza kuvisogeza na kuvipanua mwenyewe, lakini basi itabidi upange upya kisanduku kizima kwa mkono, ndani ya dirisha ambalo si lako.

Kuhusu kuzimika, tazama ulivyoipa Windows ile kazi yako ya kuitwa, yaani delegeti. Kama hujaiweka kwenye kigezo kinachodumu, mfagiaji wa kumbukumbu wa .NET anaiona haina mwenyewe na kuifuta. Windows ikija kuiita haipo tena, na programu inaanguka. Inatokea siku moja na siku nyingine haitokei, kwa sababu mfagiaji hupita kwa wakati wake. Kuiweka kwenye kigezo cha static kutaziba tundu hilo. Hata hivyo nakushauri uung'oe msimbo wote. Programu inayoshika pesa za watu isisimame juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kukieleza.

Zinabaki njia mbili za heshima.

Ya kwanza ni TaskDialog. Hiki ni kisanduku kipya zaidi cha Windows, kilikuja na Vista. Unaandika maneno yoyote kwenye vitufe na upana unajirekebisha. Unapata kichwa cha habari chenye herufi kubwa, maelezo chini yake, na hata sehemu ya kufungua kwa anayetaka kusoma zaidi. Kwa Windows Forms kiliingizwa rasmi kwenye .NET 5, mwaka 2020. Wewe uko kwenye .NET Framework 4.8, kwa hiyo ama uiite TaskDialogIndirect mwenyewe kutoka comctl32.dll, ukihakikisha manifesti ya programu, yaani maelezo yanayoiambia Windows programu inahitaji nini, inaomba toleo la 6 la faili hiyo, ama uhamishe mradi kwenda .NET mpya. Kabla ya kuhama, zunguka kwa wateja uone mashine zao. .NET 8 haitegemezwi kwenye Windows 7, na kaunta nyingi bado zina kompyuta za zamani zinazofanya kazi vizuri tu. Tena TaskDialog nayo inachorwa na Windows: maneno utapata, rangi ya machungwa hutapata.

Ya pili ni kujenga fomu yako mwenyewe. Kwa hali yako ningechagua hii, lakini kwa maswali machache tu, yale ya kufuta bili, kufunga siku, kubadilisha bei. "Imehifadhiwa" na "Karatasi imeisha kwenye printa" ziache kwenye MessageBox ya kawaida, kwani OK inaeleweka na kila mtu. Kisanduku chenye sura ya pekee kikitokea mara chache, keshia atakiheshimu. Kikitokea kila saa atakizoea kama alivyozoea kile cha kwanza.

Kabla hujafungua kidirisha cha kuchora fomu, kaa kwanza na maneno ya vitufe. Hapa ndipo ningetumia muda wako mwingi kuliko kwenye rangi. Mteja amesema Kiswahili, nawe umefikiria Ndiyo na Hapana. Nakuomba usitumie hayo, kwa sababu mbili.

Moja ni kibodi. Kwenye kisanduku cha Kiingereza, kupiga herufi N ni kusema No. Keshia mwenye miaka mitano kazini ana vidole vinavyojua hivyo bila kumuuliza. Wewe ukiandika Ndiyo na kuipa N mstari wa chini, yaani kuifanya herufi ya mkato ya kubofya kitufe kwa kibodi, kitufe kile kile kilichokuwa kinamwokoa sasa kinafuta bili. Hatajua kwa nini. Atasema tu kwamba programu mpya ni mbaya, na atakuwa na haki.

Nyingine ni lugha yetu yenyewe. Mswahili ukimuuliza "Hutaki kuhifadhi?" akakujibu "Ndiyo", anamaanisha ndiyo, sitaki, anakubaliana na ulivyosema. Anayefikiri kwa mtindo wa Kiingereza akibofya Yes kwenye swali hilo anamaanisha nataka. Programu nyingi zilizotafsiriwa huacha maswali ya kukanusha kama yalivyo, na hapo watu wawili wenye akili timamu wanabofya kitufe kimoja kwa nia mbili zinazopingana. Hakuna rangi inayoponya hilo.

Andika kitendo juu ya kitufe. "Futa bili" upande mmoja, "Rudi kwenye bili" upande wa pili. Mtu anaweza asisome swali kabisa na bado akajua anachobofya. Swali nalo liseme kitu chenye uzito. "Je, una uhakika?" halimwambii keshia lolote. "Futa bili namba 214? Ina bidhaa 30, jumla 486,000/=" linamsimamisha, kwa sababu anaiona kazi yake ya dakika kumi ikiwa na jina na thamani.

Usikipe kitufe cha hatari herufi ya mkato hata kidogo. Kwenye Windows Forms, kama kibodi imesimama juu ya kitufe, herufi ya mkato hufanya kazi hata bila Alt. Duka likijitengenezea bakodi zenye herufi, tuseme F102, skana itaandika F na kukibofya "Futa" kabla Enter haijafika. Utarudi pale pale tulipoanzia.

Sasa fomu. FormBorderStyle iwe FixedDialog, MaximizeBox na MinimizeBox ziwe false, ShowInTaskbar false, StartPosition CenterParent. Ifungue kwa ShowDialog na uipe fomu mama, yaani ShowDialog(this). Kisanduku kisichopewa mama huweza kujificha nyuma ya dirisha kubwa, keshia anaona programu imeganda, anazima kompyuta kwenye soketi. Weka AcceptButton na CancelButton zote mbili kwenye "Rudi kwenye bili", na ActiveControl iwe kitufe hicho hicho, ili Enter, Esc na alama ya X ya kufungia zote ziishie mahali salama. "Futa bili" ndiyo pekee irudishe DialogResult.OK. Zungushia fomu neno using, kwa kuwa fomu iliyofunguliwa kwa ShowDialog haijifuti kwenye kumbukumbu inapofungwa, inajificha tu. Yote haya yaweke kwenye darasa moja, ili kwingineko kwenye programu uandike mstari kama KisandukuChetu.Uliza(this, swali, "Futa bili", "Rudi kwenye bili") na usirudie tena.

Usipange vitu kwa vipimo vya kudumu. Tumia TableLayoutPanel inayojipanua, vitufe viwe na AutoSize pamoja na MinimumSize ya kutosha kidole, na lebo ya swali iwe AutoSize yenye MaximumSize ya upana, 420 hivi, na urefu 0. Hapo maneno yatashuka mstari wa pili yenyewe. Kiswahili hurefuka. Kitufe kilichopimwa kwa "No" hakiwezi kubeba "Rudi kwenye bili". Ukimaliza, jaribu kwenye skrini iliyokuzwa 125% na 150%, maana laptopu nyingi mpya hutoka kiwandani hivyo.

Herufi kubwa ni ombi zuri la mteja wako, limtimizie. Anza na SystemFonts.MessageBoxFont, ambayo kwa kawaida ni Segoe UI ya pointi 9, uikuze hadi 12 au 14 kwa swali lenyewe.

Kwenye rangi itabidi umkatalie kidogo, na ninakupa sababu ya kumpelekea. Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza programu ya stoo iliyotazama barabara, mlango wazi, jua la saa tisa likiingia hadi kaunta. Niliweka maandishi meupe juu ya machungwa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye bango la nje. Ofisini kwangu yalipendeza. Pale kaunta dada aliyekuwa akiuza alikuwa akiziba skrini kwa kiganja ili asome. Vipimo vinaeleza kwa nini: miongozo ya WCAG, ya kufanya maandishi ya skrini yasomeke na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa 4.5 kwa 1 au zaidi. Nyeupe juu ya machungwa ya #FFA500 inatoa karibu 2 kwa 1. Nyeusi juu ya machungwa hiyo hiyo inapita 10 kwa 1.

Kwa hiyo mpe mteja ukanda wa machungwa juu ya kisanduku, wenye nembo na jina la duka kwa maandishi meusi. Sehemu ya swali iachie rangi za Windows, SystemColors.Window na SystemColors.WindowText. Mtu mwenye macho dhaifu aliyewasha mandhari ya utofauti mkali atapata rangi alizozichagua yeye, na kwa hali hiyo uliza SystemInformation.HighContrast ili hata ule ukanda uondoke. Ukivifanya vitufe kuwa bapa ili vipendeze, hakikisha bado inaonekana wazi ni kipi kinachongojea Enter. Na usiondoe mpaka wa juu wa dirisha ili uweke kona za mviringo. Mtu hataweza kukisogeza kisanduku aone jumla iliyo chini yake, na kuisoma jumla hiyo ndiko kunakomwezesha kujibu.

Kuna vitu MessageBox ilikuwa inakupa bure ambavyo fomu yako haina. Inatoa mlio, weka SystemSounds.Exclamation.Play() fomu inapotokea. Ukibonyeza Ctrl+C juu yake, maneno yote yananakiliwa, jambo linalosaidia sana mteja anapokutumia kosa kwa WhatsApp badala ya picha yenye ukungu. Ongeza mistari michache ya kufanya hivyo. Tena visoma skrini vinaijua. Kwenye fomu yako jaza AccessibleName na AccessibleDescription, kisha washa Narrator, kisoma skrini cha Windows, kwa Ctrl+Windows+Enter, funga macho, usikilize kama swali linasomwa lote.

Hata ukifanya haya yote vizuri, bado mtu atafuta bili isiyo yake siku moja. Kwa hiyo nakusihi uongeze safu kwenye jedwali la bili, uiite Imefutwa, pamoja na saa na jina la aliyefuta. Kitufe cha Futa kiwekee alama tu, na mwenye duka awe na ukurasa wa kurudisha. Ukifika hapo, swali la kufuta bili ndogo unaweza kuliondoa kabisa na kuweka mstari mdogo chini ya skrini: "Bili 214 imefutwa. Rudisha". Kisanduku kibaki kwa yale tu yasiyorudishika.

Kwa zile bili mbili zilizokwishapotea, kama mwenye duka anazihitaji kwa hesabu za kodi au ana mgogoro na keshia, usijaribu kuzirudisha mwenyewe kwa mbali. Nakili faili ya hifadhidata kama ilivyo sasa, kazi iendelee kwenye nakala nyingine, na umwite mtu wa hifadhidata aje akae mbele ya mashine hiyo. Na kama mshahara wa keshia umeshakatwa kwa sababu ya bili hizo, usingoje fomu mpya ikamilike. Nenda na skana, na kopo la rangi, umwonyeshe mwenye duka kilichotokea keshia akiwepo.